Nilimwambia Baba Hawa browser inakuja. Imefika juzi

Wakuu, habari za mchana. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Garsen, na pale nilipofanya ujinga sitauficha.

Juzi nimesoma kwamba ile kampuni kubwa ya programu imeleta browser yake kwenye Linux. Vijana ofisini wakasema, so what? Mimi nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, maana kuna mtu nilimwahidi hiyo browser mwishoni mwa miaka ya tisini.

Rudini nyuma na mimi kidogo.

Nilikuwa karani wa kompyuta kwenye shirika moja dogo la kilimo na mifugo. Jina langu Komora, Mpokomo wa Chara, mtoto wa shamba. Kompyuta yetu ilikuwa moja tu, ilinusurika mafuriko kwa sababu ilikuwa juu ya kabati. Ilipoanza kugoma, fundi mmoja aliyekuwa anapita njia akaiwekea Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kutoka CD iliyokuja na gazeti, akaenda zake. Nikajifunza kwa kubahatisha. Garsen nzima nilikuwa mtu wa Linux peke yangu, na kiburi nilikuwa nacho, nisiwadanganye.

Intaneti yenyewe ilikuwa ya kupiga simu hadi Mombasa. Modemu inalia weee, halafu laini inakatika ikijisikia.

Siku moja ya mnada wa ng'ombe akaingia Baba Hawa. Ni Muorma, ng'ombe wake walikuwa upande wa Kilelengwani. Binti yake Hawa, miaka tisa, alikuwa na tundu kwenye moyo. Wahisani walimpeleka ng'ambo kwa operesheni, akaenda na shangazi yake. Shangazi alikuwa ameandika barua, ndani yake kuna anwani ya ukurasa ambao hospitali huweka picha za watoto wakishafanyiwa.

Habari kwamba operesheni imeenda vizuri zilikuwa zimeshafika kwa simu. Shida ilikuwa mama yake. Zamani walishaambiwa vivyo hivyo kuhusu mtoto wao wa kwanza, kwamba anaendelea vizuri, na kumbe walikuwa wanaletewa maiti. Kwa hiyo Mama Hawa akasema haamini tena mdomo wa mtu. Chakula anaonja tu.

"Mama yake naisha," Baba Hawa akaniambia. "Mimi nataka yeye aone uso."

Nikafungua ukurasa. Ukaja wa kijivu, mtupu, na sentensi moja inayosema nitumie browser ya kampuni ile kubwa. Browser yenyewe kwenye Linux haikuwepo.

Nikajaribu kumweleza mzee browser ni nini. Nikasema ni kitu unakituma mbali, kinaenda kuangalia, kinarudi kukuambia huko kuna nini. Akatikisa kichwa, akasema, "Sahan."

Mimi nikajua mzee ana njaa. Nikamwita dada wa jikoni, sahani ikaja na wali na maharagwe juu. Baba Hawa akala taratibu, akanawa, akashukuru. Kisha akasema, "Chakula nzuri. Lakini mimi nasema sahan."

Kumbe ni neno la wafugaji. Ni la Kisomali, lakini Baba Hawa na wenzake wanalitumia. Sahan ni mtu anayetangulia kutafuta majani na maji kabla ng'ombe hawajahama. Tumekunywa maji ya mto mmoja miaka yote hiyo na sikulijua. Dada wa jikoni alinicheka mwezi mzima.

Sasa ujinga wangu ndio huu.

Nilimwandikia rafiki yangu wa Mombasa. Akajibu kwamba kampuni ile imeshatoa browser kwa mashine kubwa za Unix, mfumo unaofanana na Linux, na watu wanasema Linux ndiyo inafuata. Watu wanasema. Mimi nikamgeukia Baba Hawa nikamwambia, "Inakuja."

Mnada uliofuata akaja. Nikasema inakuja. Mnada wa tatu akaja, nikasema mzee vumilia, inakuja. Nilikuwa naona aibu kumwambia kwamba mtu wa kompyuta ameshindwa.

Mara ya nne akaja na mkewe. Mama Hawa alikuwa amekonda, mtandio unampwaya. Hakunisalimia kwa maneno mengi. Akaniuliza, "Hiyo kitu nakuja, nani amesema?"

"Rafiki yangu, mama."

"Yeye ameona kwa macho?"

Nikasema, "Hapana, mama. Amesikia. Na mimi nimesikia kwake."

Wakuu, sijawahi kujisikia mdogo hivyo. Mama wa watu anakufa kwa kuambiwaambiwa, na mimi nimemwongezea.

Baba Hawa hakukasirika. Alinieleza kama unavyomweleza mtoto. "Komora, sahan nashika majani na mkono. Akisema majani iko na hajaona, sisi nahama, ng'ombe nakufa njiani." Akaangalia ile skrini ya kijivu. "Na kama mlango ya boma imefungwa, sahan narudi? Hapana. Nazunguka. Naangalia katikati ya miti."

Hapo ndipo akili ikanifunguka. Browser yangu ilikuwa na sehemu ya kuonyesha yale maandishi ya ndani yanayotengeneza ukurasa. Siku zote nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikayafungua, nikasoma mstari kwa mstari kwa kidole, wao wawili wakiwa nyuma yangu. Chini kabisa nikakuta jina la faili la picha: hawa.jpg.

Nikaichukua anwani yake, nikaiita picha yenyewe moja kwa moja.

Ikaanza kushuka kutoka juu, polepole. Ukuta mweupe. Kitambaa cha kichwa. Paji la uso. Halafu macho, na yalikuwa wazi.

Mama Hawa akasogea mpaka nikasikia pumzi yake shingoni.

Ikafika puani, laini ikakatika.

Nikaanza kuomba msamaha, nikasema napiga tena. Mama Hawa akanishika bega. "Wacha. Maiti haangalii mtu hivi. Huyu naniangalia."

Kisha akakaa sakafuni akalia, na Baba Hawa akageuka kuangalia ukutani, na mimi pia nililia, sina haja ya kuficha. Nikachapisha ile nusu ya uso kwa ile printa yetu ya kelele. Mama akaikunja kwenye mtandio. Dada wa jikoni akaleta sahani, safari hii hakuna aliyecheka, na Mama Hawa akala yote.

Hawa alirudi mzima. Leo ni mwalimu, ana watoto wawili. Mama yake alitutoka miaka kadhaa iliyopita, na kwenye sanduku lake walikuta ile karatasi, wino umefifia, macho bado yanaonekana.

Basi juzi, nikiwa pale kwenye ngazi, nikampigia Hawa. Nikamwambia amwambie baba yake kwamba ile browser imefika. Nikamsikia anamtafsiria kwa Kiorma. Mzee sasa hasikii vizuri, ikabidi arudie.

"Anauliza," Hawa akasema, "umeiona kwa macho?"

Nikamwambia nimeiona. Nimeiweka mwenyewe, nimeifungua.

Halafu mzee akacheka, na Hawa naye akawa anacheka huku anatafsiri. "Anasema basi sahan amerudi. Aje anywe maziwa."

Mimi nilichojifunza ni hiki tu: mtu akiwa na roho mkononi, usimwambie inakuja kama hujaishika. Mwambie hujui, kisha kaa naye mtafute pa kuzungukia.

Na nyinyi je, kuna mtu mlimwambia "inakuja" na bado anangoja? Andikeni hapa chini, tusichekane. Nikichelewa kujibu mnivumilie, kesho niko kwa Baba Hawa.