Mafuta ya Nazi kwenye Mapanga ya Droni

Binamu yangu alipopata kazi ya kurusha droni nilimkumbatia, nikacheka, halafu nikaenda chooni kulia. Mie ndiye niliyekuwaga nalala juu ya tanki la maji, kwetu Temeke, nikihesabu ndege zinazoshuka uwanjani. Yeye aliogopa hata kupanda ngazi kurekebisha antena. Ila yeye alimaliza kidato cha sita. Mie niliishia cha pili, sasa napanga maboksi ya pweza kwenye chumba cha baridi cha stoo ya samaki, nimevaa makoti mawili na nje jua linawaka.

Alikuja kutuaga. Kampuni yao ilikuwa inampeleka Kilimanjaro, akapige picha za theluji kwa droni. Mama akampikia pilau. Mie nilipoanza kazi nilipewa chai.

Baada ya kula akatoa chupa ya mafuta ya nazi, akaanza kupaka mapanga ya droni taratibu, kama anapaka mtoto. Akatueleza kwamba kule juu ukungu unagandia kwenye mapanga, droni inatetemeka, inaanguka. Dawa yake ndiyo hiyo, maana penye mafuta maji hayashiki. Mama akasema huyu mtoto ana akili.

Mie nilikuwa najua kwamba kwenye baridi mafuta hayo yanaganda. Niliwahi kusahau chupa ya mafuta ya nazi mle kazini, nikaikuta nyeupe, ngumu kama mshumaa. Hata feni letu la mle ndani nalijua: barafu inaanzia ukingo wa mbele, ule unaokata upepo, panga moja linazidi uzito, feni linaanza kugonga, tunazima haraka. Lakini nikanyamaza. Kichwani nilishaiona droni chini, yeye karudi hana kazi, hana pilau. Nikasikia raha, Mungu anisamehe.

Akaninong'oneza, "Nikifika nitakurekodia mawingu kwa juu. Si wewe ndiye ulikuwa unayataka?"

Nikainuka. Nikamwambia achukue panga moja, twende kazini kwangu.

Tuliliweka juu ya boksi la pweza. Muda si mrefu mafuta yakawa utando mweupe, wenye vinundu. Akaugusa kwa kidole.

"Huo utando mgumu wote ungepanda nao," nikamwambia. "Futa yote. Ukiona ukungu usirushe. Na ukiwa hewani ikianza kutetemeka, shusha hapohapo, usingoje igonge."

Akayaandika kiganjani kwa peni.

Wiki iliyofuata video ikaingia: mawingu meupe, yametandazwa kama pamba ya godoro. Akanipigia, akasema ukungu uliikuta droni hewani, ikatetemeka, akaishusha salama. Bosi wake akamuuliza kajifunzia wapi.

"Nikamwambia, kwa binamu yangu wa samaki."

Wa samaki! Nilinuna mpaka jioni. Ila ile video niliitazama mara nne, nimesimama mlangoni pa chumba cha baridi, glavu moja nimeivua.