Pointi za Heshima

Ofisini Nshobole alikuwa karani tu wa kampuni ndogo ya mizigo, lakini vijana wengi wa Goma walimjua kwa jarida lake. Lilikuwa jarida la watu wanaocheza hadithi mezani: mmoja anasimulia safari, wengine kila mtu anajifanya mhusika wake, na penye mashaka dadu inaamua. Alilitunga kwenye kompyuta na kulituma bure kwa simu. Watu wakarushiana mpaka likafika Bukavu na Butembo.

Jumamosi mchana wachezaji walikusanyika sebuleni kwake, mtaa wa Himbi. Miongoni mwao alikuwa Kaswera, mshonaji, mwenye kicheko kinachosikika barabarani. Siku moja mvua iliwafungia ndani yeye na Nshobole peke yao, na Kaswera akasimulia jambo ambalo hakuwahi kulisema. Mabomu yalipoanguka karibu na kambi ya Mugunga, walikokuwa wamekimbilia vita, alikimbia na mtoto wa dada yake mgongoni. Babu yake, ambaye miguu yake ilikuwa imekufa, alibaki hemani. Hawakumwona tena. Kaswera alisema hayo akitazama mvua, na Nshobole akamshika mkono.

Toleo lililofuata lilikosa hadithi. Wasomaji walikuwa wanauliza, kichwa cha Nshobole kilikuwa kitupu, na ile ya Kaswera ilikuwa pale pale, haimwachi. Akaiandika iwe mchezo. Alibuni kijiji, akageuza majina, akajiambia hiyo yatosha. Na kwa kuwa mchezo hautaki kukosa kanuni, akaongeza kwamba atakayemwacha mzee atapoteza pointi tatu za heshima. Mstari huo aliuandika haraka, kama mtu anayetia chumvi mchuzini.

Watu waliupenda mchezo ule kupita yote. Adalbert, mmoja wa wachezaji, akaomba waucheze Jumamosi. Nshobole angeweza kukataa. Lakini sifa zilikuwa tamu, na Kaswera alikuwa amesema ana kazi nyingi, hatakuja.

Kaswera akamaliza kazi mapema. Alipofika mlangoni, Adalbert alikuwa anarusha dadu huku akicheka.

"Uyu muzee abakie! Heshima itapotea, lakini mimi nitabakia muzima!"

Kaswera alimwomba simu, akausoma mchezo akiwa amesimama. Akairudisha.

"Pointi tatu," akasema, akatoka.

Siku zilizofuata Nshobole aliandika ujumbe na kuufuta, akaandika mwingine na kuufuta. Mwishowe alimfuata mahali anaposhona.

"Kaswera, nilikosa. Niko naomba pardon. Ile hadithi nitaitoa."

"Utaitoa wapi? Iko mu simu za batu."

Nshobole alikuwa amejivunia jambo hilo hilo, kwamba jarida lake linafika kila mahali.

"Kuiandika, pengine ningekubali," Kaswera akaendelea, macho yakiwa kwenye kitambaa. "Lakini wewe ulinikatia hukumu. Muzee yeye mwenyewe njo alisema nikimbie. Mutoto, alinifunga naye mu mugongo kwa mikono yake. Akasema, 'Kaswera, enda, usigeuke.' Ile haukuniuliza."

"Naweza kuiandika vile?" Nshobole akauliza, na papo hapo uso ukamwaka kwa aibu. Hata sasa alikuwa ananyoosha mkono kuchukua.

Kaswera aliweka kitambaa chini.

"Utaandika. Lakini mimi mwenyewe njo nitasema."

Mchana ule cherehani ilinyamaza. Kaswera alisema, Nshobole akaandika, na kila alipotaka kupamba neno alizuiwa. Katika toleo jipya kanuni ya heshima iliondolewa. Mzee anamfunga mtoto mgongoni mwa mjukuu wake na kumwamuru aende. Mwanzoni mwake Nshobole alieleza kwamba toleo la kwanza lilikosea, na kosa ni lake, bila kusema hadithi ilitoka kwa nani. Kaswera alisoma yote, akasema, "Sawa." Mezani hakurudi kwa muda mrefu. Aliporudi, alikaa kutazama, na kicheko kile hakikusikika.

Toleo la zamani nalo liliendelea kutembea. Siku moja kijana wa Beni aitwaye Julien alituma picha ya wenzake wakicheka kuzunguka meza. "Dada, sisi wote tulimwacha muzee!" aliandika. "Heshima iliisha yote!"

Nshobole akamtumia toleo jipya, akamwomba afute lile la kwanza. Julien akajibu kwamba amefuta. Lakini Nshobole alibaki na picha ile mkononi, akichunguza uso mmoja baada ya mwingine. Beni nako watu wamekimbia sana vita. Hakuweza kujua ni nani kati ya wale vijana aliyekuwa ameacha mtu nyuma, akacheka ili asiulizwe.