Shangazi na Taa ya Kijani

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, shangazi alilikunja blanketi lake la kijivu, akalitandika karibu na mlango wa nje na kukaa juu yake. Miguu kaikunja, mgongo wima, mikono magotini. Dirishani palikuwa na nafasi na mwanga mzuri, lakini yeye alitaka mlangoni. Ukitaka kwenda kununua mkate ilibidi umruke.

"Wifi, utaota mizizi hapo," mama alimwambia.  Hakutaka jibu, alitaka kupita.

Mimi hulala kwenye kochi la sebuleni, kwa hiyo nilimwona kila siku. Watu wakipanda ngazi, pumzi yake ilisimama. Nyayo zikipita mlango wetu kwenda juu, pumzi ilirudi. Uso haukusogea hata kidogo. Ungemtazama usoni tu, ungesema huyu kapumzika kuliko sisi sote.

Ana mtoto mmoja wa kiume. Walikosana baada ya mazishi ya baba yake, kijana akaondoka, akasema asitafutwe. Hajapiga simu tangu hapo, na nyumbani kwetu hatajwi.

Kukaa huko ni yoga, na alifundishwa na mzee wa Kihindu, fundi wa miwani mtaa wa pili, ambaye shangazi alikuwa akimfagilia duka. Mzee hakumfundisha kujipinda kama kamba. Alimfundisha kukaa, na akamweleza mawazo ya wahenga wa dini yake: kwamba macho na masikio ni matarishi, kila mmoja huleta habari yake. Akili huzikusanya, utambuzi huamua, na nyuma ya vyote hivyo yuko mtazamaji, ambaye hafanyi lolote ila kuona. Yoga ni kuituliza akili mpaka huyo mtazamaji abaki peke yake. Halafu mzee alikuwa akicheka na kumwonya, "Lakini kukaa kimya si kutulia. Hata paka anayemvizia panya amekaa kimya."

Mzee akafa, duka likafungwa, likabaki blanketi.

Huko kukaa ndiko kulikompa kazi. Kulikuwa na jengo la watafiti wa akili bandia, na kila chumba kilikuwa na watu wake. Wa macho waliifundisha kompyuta kutazama nyuso. Wa sauti waliifundisha kusikia. Wa pumzi walikuwa na mkanda wa kufunga kifuani. Wote walikuwa wakiunda mashine ya kuwekwa kwenye nyumba za kutunzia wazee, ijue nani anahangaika na nani ametulia. Aliyetulia anawashiwa taa ya kijani, muuguzi asimsumbue. Sasa wakataka mtu wa kuionyesha mashine utulivu ulivyo, wakasikia habari za shangazi na kukaa kwake, wakamchukua. Akawa anakaa mbele ya kamera, mkanda kifuani, chombo cha kunasa sauti pembeni.

Walimwita Mama Kijani. Walimletea chai, walimuuliza ameamkaje. Kwetu hakuna aliyekumbuka kumuuliza hivyo. Jioni alirudi na maneno mengi mpaka mama akashangaa. Alikuwa amewaambia habari ya matarishi wa fundi wa miwani, na wakampenda kwa hilo, kwa sababu walijiona humo. Ila aliwauliza matarishi wao hukutana wapi. Mkuu wa chumba cha macho, kijana mpole, alikiri kwamba hawakutani, kila chumba hupeleka jibu lake.

Kisha wakampeleka kuona mashine ikijaribiwa kwenye nyumba ya wazee. Kulikuwa na babu mmoja kakaa kitandani, uso mlangoni, mikono magotini. Juu yake taa ya kijani. Muuguzi akaitazama taa, akapita. Shangazi akainama kumwamkia, na yule babu akamuuliza kama amemwona binti yake huko chini. Taa ikabaki kijani.

Siku hiyo hakula. Alitusimulia akiwa amesimama, viatu miguuni. Kesho yake mama akaniambia nimsindikize kazini, asije akaanguka njiani.

Mkuu wa macho alitupa viti. Alikuwa na furaha, akisema mashine imefuzu, haijakosea uso hata mmoja.

"Haijakosea kwa sababu imejifunza kwangu," shangazi akasema. "Na mimi sikuwa nimetulia."

"Mama, nimekuona mwenyewe. Hata kope huchezeshi."

"Paka naye hachezeshi."

Akaomba aletewe mistari ya pumzi zake. Binti wa chumba cha pumzi alisema, huku akiona haya, kwamba mstari wake ulikuwa na mapengo. Walidhani mkanda unalegea, wakayasawazisha. Shangazi akaomba na watu wa sauti waitwe. Wakaweka uso, pumzi na sauti kwenye kioo kimoja cha kompyuta, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya. Kila pumzi ilipokatika, nyayo zilisikika ukumbini. Uso ulikuwa uleule.

 Mkuu wa macho akamuuliza, taratibu, alikuwa akimsikiliza nani.

"Mwanangu. Hajui hata kama nafanya kazi hapa. Masikio hayajali hilo."

Sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo.

Aliwaomba wafute rekodi zote za kukaa kwake, maana wakiziacha, kila anayesubiri atawashiwa kijani na hapana atakayemwendea. Kijana alishika kichwa. Alimweleza kwamba bila hizo hawana la kuonyesha, wala yeye hana kazi. Shangazi alisema anajua. Yule kijana aliitazama tena ile mistari ya uso, pumzi na sauti, kisha akafuta.

"Siku ukitulia kweli, mama, rudi tuanze na wewe," akamwambia.

"Siwezi kukupa nisichonacho, kijana wangu."

Akafungua mkanda, akautundika kwenye msumari wake. Binti wa pumzi alitusindikiza hadi mlango wa nje.

Asubuhi iliyofuata blanketi halikutandikwa. Lilikuwa ndani ya begi, na shangazi alikuwa amevaa viatu.

"Wifi, leo mlango haulindwi?" mama akamtania.

Shangazi akasema amechoka kuwa paka. Anakwenda kwenye mji ambako mwanawe alisikika mara ya mwisho. "Akinifungia mlango nitakaa nje yake. Kukaa nakujua."

Mama alicheka, ndipo akaliona begi. Akaanza kusema asubiri kidogo anywe chai, lakini shangazi alikwishatoka. Nilizisikiliza nyayo zake zikishuka. Hazikusimama popote.

Hajarudi. Sasa tunakwenda kununua mkate bila kumruka mtu.