Maharage Yaliyoungua Maganzo

Nakumbuka asubuhi moja pale Maganzo, nimechuchumaa jikoni katika nyumba ambayo ilikuwa bado haijawa yangu, nachochea kuni chini ya sufuria ya maharage. Nje wanaume walikuwa wakizungumza habari za mipaka. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, sina mume, sina mtoto. Mwanangu, umeniambia umepata nyumba ya kununua, na kwamba mjomba wako ndiye atakayekwenda kukabidhiwa. Hebu kaa nikusimulie.

Miguu yangu haijawahi kutulia. Niliwapikia wachimbaji Geita, nikahamia Segese, kisha nikawafuata wa almasi Maganzo. Mpaka leo nikisikia lori likinguruma kuelekea machimboni, moyo unaruka. Lakini kila nilipolala palikuwa pa mtu. Akisema toka, natoka na masufuria yangu kichwani. Ndiyo maana Mzee Athumani, mwenye duka aliyekuwa akirudi kwao Tabora, aliposema anauza nyumba yake ya vyumba viwili, nilimwendea siku hiyohiyo.

Desturi ya pale ilikuwa hivi: muuzaji humzungusha mnunuzi kwenye mpaka wote wa kiwanja, balozi wa nyumba kumi na majirani wakifuata nyuma, na mnunuzi hupanda vipande vya minyaa, ile miti ya ua, kwenye kila pembe. Kisha watu wanakula. Nilimwita kaka yangu Masanja kutoka Songwa azungushwe yeye, maana niliona haya kutembea mbele ya wazee. Kazi yangu, nilidhani, ni kupika.

Mama Kabula, mjane wa nyumba ya jirani, akaingia jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani ananunua nyumba?"

"Mimi."

"Mbona anayezungushwa ana ndevu?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Nyumba yangu ya kwanza, kule Shinyanga mjini, nilimwacha shemeji azungushwe. Mimi nikapika, tena pilau. Shemeji alipogeuka akadai nyumba ni yake, kila shahidi aliikumbuka pilau yangu, hakuna aliyekumbuka kuniona mpakani. Toka nje, mayu," akasema, kama anamwita mama mwenzake.

"Maharage yataungua."

"Yaungue!"

Nikatoka. Walikuwa wamefika pembe ya pili. Nikamwomba Mzee Athumani tuanze upya.

"Binti, jua linachoma, nami nina safari."

Balozi akatania, "Sasa jikoni tumpeleke nani, Masanja?" Watu wakaangua kicheko. Nilimtazama kaka yangu. Kama angekasirika, sijui ningefanya nini. Alinikabidhi jembe, akarudi nyuma ya watu wote. Nikaenda pembe ya kwanza, nikang'oa alivyopanda, nikapanda kwa mkono wangu, utomvu mweupe ukinichuruzika vidoleni.

Tulikula maharage machungu. "Nyumba umepata," wazee walinitania, "lakini kwa mapishi haya mume utamsikia kwa jirani!"

Miaka ikapita. Masanja akafariki, Mungu amrehemu. Hakuwahi hata siku moja kuitamani nyumba ile. Lakini baada ya matanga, baba zetu wadogo walikuja kugawa mali yake, wakaijumlisha nyumba yangu humo. Walisema mwanamke asiye na mume anamtunzia tu kaka yake. Balozi akawaita waliokuwapo siku ile. Mzee Athumani alikuwa mbali, Mama Kabula ametangulia mbele ya haki. Nilikaa mkekani, nikiwatazama wazee.

Mzee mmoja akainua fimbo yake. "Jina la mnunuzi nimelisahau. Ninachokumbuka ni maharage. Yaliungua kwa sababu mpishi alikuwa mpakani pamoja nasi, anapanda minyaa. Ni huyu hapa."

Wenzake wakaitikia mmoja mmoja. Baba zangu wadogo waliaga kabla ya chakula.

Basi, mwanangu, mjomba wako ni mtu mwema, kama kaka yake Masanja alivyokuwa. Nenda naye, mheshimu, asimame nyuma yako. Lakini si mjomba utakayepambana naye, ni watakaokuja baada yake. Kwa hiyo uzungushwe wewe, upande wewe, majirani wauone uso wako na mikono yako ikiwa na udongo. Usione haya. Haya yangu nusura inirudishe njiani na masufuria kichwani.

Mungu akupe mlango unaoufungua kwa mkono wako mwenyewe. Minyaa yako ishike mizizi. Na hata ukizurura kama mimi, uwe na pa kurudi.