Mtu Aliyekufa Kila Jumamosi

Katika jiji la Mexico, enzi zile filamu zilipokuwa nyeusi na nyeupe, na mwanamume alivaa kofia hata akitumwa chumvi, hakuna aliyejua kufa kama Eleuterio Bárcenas. Wapo watakaokutajia wengine. Waache, hawajui kitu.

Mastaa walikuja na kupotea na masharubu yao ya wanja. Eleuterio alibaki, akifa. Alikufa kwa risasi, kwa kisu, kwa sumu ndani ya chokoleti, kwa kukanyagwa na ng'ombe, na safari moja kwa kuangukiwa na kengele ya kanisa. Kuna siku alikufa asubuhi akiwa jambazi katika filamu moja, akala chakula cha mchana, kisha akafa tena alasiri akiwa mwizi wa farasi katika filamu nyingine. Masharubu yalikuwa yaleyale, maana gundi ilikataa kutoka.

Kazi yenyewe aliianza kwa kuteleza. Alikuwa muuza barafu, na siku aliyopeleka barafu studio alikanyaga bidhaa yake mwenyewe, akapaa, akatua chali, mguu wa kushoto ukarukaruka peke yake kama wa chura. Mwongozaji wa filamu, Don Fulgencio, akauliza, "Huyo amekufa?"

"Hapana, bwana."

"Basi mwambieni arudie. Na ule mguu asiusahau."

Sura nayo ilimsaidia. Mungu alimpa uso wa mtu aliyeiba kitu na sasa anatafuta pa kukificha, na nyusi zilizoungana kama viwavi wawili wanaobusiana. Ukiwa na uso huo hupewi bibi harusi wa filamu, unapewa risasi. Lakini nyumbani alikuwa mpole mno. Akikuta kuku wa jirani amelala kwenye kiti chake, alimwomba radhi kabla ya kumwamsha, na mara nyingine alikaa chini.

Majirani aliopanga nao kwenye ua mmoja walimfanyia mzaha wao. Kila Novemba, siku marehemu wanaporudi nyumbani kula, walitandika meza yao kwa maua ya njano na mishumaa, wakapanga picha za wafu wao, na katikati wakaweka picha ya Eleuterio, na mkate, na sigara. Naye alikuja mwenyewe kuuchukua mkate.

"Marehemu kafika!" walipiga kelele.

"Marehemu ana njaa," alijibu. "Na mwaka huu chokoleti yangu mmeila nyinyi, eti?"

Walicheka wote isipokuwa Doña Casilda. Huyu aliuza tamale langoni mwa studio, unga wa mahindi na nyama ndani ya maganda ya mahindi, vikiiva kwa mvuke kwenye sufuria kubwa kama pipa. Alikuwa amefiwa mara mbili. Mume wa kwanza alipigwa teke na nyumbu, wa pili alibishana na tramu relini. Eleuterio alikuwa amekula tamale zake miaka mingi kabla ya kupata ujasiri, na ujasiri ulimjia Novemba moja, palepale mbele ya meza ya wafu, mdomo umejaa mkate.

"Doña Casilda, mimi na wewe tuoane."

"Meza kwanza."

Akameza. "Nimemeza. Tuoane."

"Niolewe na nani? Na wewe? Jumamosi nilikwenda sinema nikakuona umelala vumbini, mbwa anakunusa! Nililia mpaka mama wa kiti cha mbele akanipa leso yake. Meza yangu ya wafu ina picha mbili, Don Eleuterio. Imejaa. Sina pa kukuweka."

"Lakini kule tunaigiza tu, mama. Si niko hapa?"

"Moyo wangu haujui kuigiza. Nionyeshe filamu moja, moja tu, uliyofika mwisho unapumua. Nikiiona, navaa gauni."

Basi Eleuterio akaenda kumpigia magoti Don Fulgencio.

"Uishi?" Don Fulgencio aliduwaa, sigara ikamdondoka. "Wewe? Watu wanajua filamu inaelekea kwisha wakikuona umekufa. Ukiishi, hawatatoka ukumbini. Nitawatoaje, kwa fimbo?"

Eleuterio hakukata tamaa. Alimfuata mwongozaji kwa kinyozi, akamfuata kanisani, akamfuata hata kwa daktari wa meno na kumsihi wakati hawezi kujibu. Mwishowe mwigizaji aliyepangwa kuwa padri katika filamu mpya alishikwa na matubwitubwi, mashavu yakavimba kama matikiti, na Don Fulgencio akasalimu amri.

"Padri anafungisha ndoa, anabariki, basi. Hafi. Utaweza kutokufa?"

"Nitajitahidi, bwana."

Na alijitahidi kweli. Alinyoa masharubu. Kila asubuhi alisimama mbele ya kioo akijiambia, "Wima, Eleuterio, wima." Siku ya kupiga picha, Doña Casilda aliingia na sufuria yake akasimama nyuma ya kamera, mikono kiunoni, kama askari wa forodha.

Kila kitu kilikwenda vizuri. Padri alisimama mlangoni mwa kanisa la mbao, maharusi mbele yake, wanakijiji pembeni. Walikumbuka maua, walikumbuka shela, walikumbuka hata njiwa. Hakuna aliyekumbuka masikio ya Eleuterio. Maana harusi ya kule haiwi harusi bila fataki, na wanakijiji wakaziwasha.

Pa! Pa! Pa!

Eleuterio akashika kifua. Akazunguka mara mbili, akaangusha mtungi wa maua, akaondoka na shela ya bibi harusi, akabwagika chini. Mguu wa kushoto ukarukaruka, ukatulia.

Don Fulgencio aliuma kofia yake. Mikanda ya filamu ilikuwa haba siku hizo, vita vya Wazungu vimeimaliza, na huo ulikuwa wa mwisho. Kabla hajasema simama, sauti ilinguruma nyuma yake:

"Eleuterio! Inuka, mshenzi wewe! Uliniahidi nini? Unakufaje na umevaa kanzu ya Mungu?"

Padri akafungua jicho moja. Akafungua la pili. Akainuka taratibu, shela kichwani, akapangusa vumbi, akasema kwa sauti ya kutetemeka, "Sasa ninyi ni mume na mke." Bwana harusi, staa ambaye hakuwahi kucheka bila kulipwa, alicheka mpaka sharubu moja likambanduka. Mkanda ukaisha palepale.

Ikabidi filamu itoke hivyohivyo. Jumamosi ukumbi ulijaa. Padri alipoanguka, mtaa mzima uliguna, "Kama kawaida!" na watu wakaanza kutafuta kofia zao. Ndipo sauti ya Doña Casilda, iliyonaswa mkandani, ikanguruma kutoka juu, na maiti ikainuka. Mabibi wakapiga ishara ya msalaba. Muuza karanga alirusha karanga zake zote hewani, kisha akaanza kuziokota kwa majuto. Taa zilipowaka, Eleuterio alikuwa amelowa jasho kando ya Doña Casilda.

"Basi?" akanong'ona.

"Basi nini?"

"Nimefika mwisho napumua."

"Ulikufa kidogo."

"Lakini nilifufuka, mama!"

Doña Casilda alikunja na kukunjua leso. "Wale wawili niliwaita vilevile," akasema polepole. "Kwa sauti ileile, kwa matusi yaleyale. Hakuna aliyeinuka." Akajifuta pua. "Wewe umeinuka. Kesho napeleka kitambaa cha gauni kwa fundi."

Siku ya harusi majirani walikuja na fataki, na usiniulize kama walisahau, hawakusahau. Padri, wa kweli safari hii, alikuwa ameiona ile filamu. Alisogeza mtungi wa maua mbali mapema. Doña Casilda naye alipitisha vidole ndani ya mkanda wa suruali ya mumewe, kwa nyuma, akakaza.

Pa! Pa! Pa!

Mkono wa Eleuterio ukapanda kifuani. Mguu wa kushoto ukaanza kurukaruka.

"Thubutu," akasema bibi harusi, akitabasamia watu, akiuvuta mkanda juu.

Bwana harusi akabaki wima.