Kamera Ndogo ya Sahra

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kamera, nilipewa karatasi nyeupe. Bosi alinisimamisha katikati ya ua wa studio, jua la Garissa likinichoma utosini, akaniambia niishike ile karatasi mbele ya kifua na nisicheke.

"Kamera ni mjinga," akasema. "Haijui nyeupe ni ibi. Lazima uionyeshe kwanza, ndio ijue rangi zingine. Ukisahau, bibi harusi atatoka kijani kwa bicha, na mama yake atakuja kugombana na mimi, sio wewe."

Bosi alikuwa mfanyabiashara wa mifugo aliyegeuka mwenye studio. Kiswahili alikiokota sokoni kwenye ng'ombe, akakifanya lugha ya kazi kwa sababu fundi wake wa jenereta alitoka Kitui na msafishaji wa filamu alitoka Mombasa. P kwake ilikuwa b, na v ilikuwa f: alisema bicha na fideo, na haukupita muda sote tukawa tunasema bicha na fideo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nimetoka tu shule. Aliniajiri kwa sababu moja. Harusi zetu zina pande mbili, na upande wa wanawake mwanamume haingii. Huko ndiko kwenye hina, nguo, ngoma na buraanbur, yale mashairi ambayo wanawake wa Kisomali huimba kwa makofi, wakisifu ukoo wa bibi harusi na kuuchoma kidogo ukoo wa bwana. Wapiga video wake walikuwa wakirudi na kaseti za wanaume wakila nyama.

"Nusu ya harusi inanibotea, Nuria," aliniambia. "Wewe utaniletea hiyo nusu."

Ninyi mnaopiga video kwa simu hamjui uzito wa kazi ile. Kamera ilikaa begani kama mtoto mkubwa aliyekataa kutembea. Kaseti nzima ya VHS, ile pana kama kitabu, iliingia tumboni mwake. Betri nilizifunga kiunoni kwa mkanda. Kisha kulikuwa na taa, kwa sababu hema la wanawake hufunikwa mapazia pande zote na mchana wake ni giza. Taa ilikula umeme wa jenereta, na waya wake ulipita katikati ya miguu ya wageni.

Nilipelekwa Bura, ambako Bosi alikuwa amefungua chumba kimoja karibu na soko. Vumbi la huko lilinifundisha kusafisha kichwa cha kamera, yaani kile kigurudumu kinachosoma kaseti, kwa pamba na spiriti kila asubuhi. Kisha nikahamishiwa Wajir, chini ya Msimamizi wa tawi la huko, mtu mkavu asiyesifu kitu. Aliangalia kaseti yangu ya kwanza mpaka mwisho, akajaza tena kikombe chake cha chai.

"Unahamisha kamera kama mbuzi anayetafuta majani," akasema. "Tulia. Usikimbilie sura ya mtu. Ingoje, itakuja."

Nilitulia. Nilijifunza kuingoja sura. Niliporudi Garissa, Bosi alinipa cheo alichokibuni mwenyewe, Mpiga Video Mkuu, Upande wa Wanawake. Hapakuwa na mwingine wa kunizidi ukuu, lakini nilikipenda cheo hicho. Mitaa ya Iftin na Galbet ilinijua. Tarehe ya harusi haikupangwa kabla ya kuulizwa kama Nuria ana nafasi.

Aliyenishikia taa alikuwa Sahra, binti wa baba yangu mdogo. Tulikulia ua mmoja Iftin. Mkono wake ulikuwa mwepesi, mdomo wake mwepesi zaidi, na wanawake walimpenda. Miaka ya tisini ilipokaribia kuisha, mume wake, aliyekuwa akileta nguo kutoka Dubai, alimletea kamera ya dijitali.

Niliiona mara ya kwanza mkononi mwake, imekaa kiganjani kama kipande cha sabuni. Kaseti yake ilitosha ndani ya sanduku la kiberiti. Pembeni ilikuwa na kioo kinachofunguka kama mlango, na mtu angeweza kujiona humo akiwa bado anacheza.

"Abaayo, shika uione," Sahra aliniambia. Abaayo ni dada. Niliishika. Nilitamani iwe nzito.

Sahra aliacha taa yangu akaanza kazi yake. Harusi moja ikaenda kwake, kisha nyingine, kisha wateja niliowapigia binti zao wakubwa wakaenda kwake kwa binti zao wadogo. Wakikutana nami sokoni waliniambia bila kuona haya, "Ya Sahra ni dijitali, unajua." Nami sikulala vizuri. Nilipika chai nikasahau sukari. Nikisikia kicheko chake upande wa pili wa ukuta, nilikiona kama kinanihusu mimi.

Siku moja mama mmoja wa Galbet alinialika kuona kaseti ya harusi ya mwanawe, iliyopigwa na Sahra. Nilikwenda nikiwa tayari kuumia. Lakini picha ilipotokea kwenye televisheni, moyo wangu ulifanya sherehe yake peke yake. Ilikuwa mbaya! Ndani ya hema, nyuso zote zilikuwa vivuli, na chenga zilijaa kama mchanga uliotupwa kwenye kioo. Hina ilionekana kama uchafu wa mikono. Kila mara kaseti iliporuka, picha ilivunjika vipande vya mraba, pua ya mtu huku, jicho lake kule. Na sauti ilifunikwa na mlio wa mashine ya kamera yenyewe, zzzz, kama nzi aliyenaswa kwenye chupa.

Niligeuka niwaone wenzangu wakisikitika. Walikuwa wanacheka. Walikuwa wanalia. Waligusa televisheni kwa vidole, "Huyu ni mimi! Tazama, huyu ni mama!" Hakuna aliyeziona chenga isipokuwa mimi.

Nilimwambia Bosi yote niliyoyaona. Alinisikiliza, akajikuna ndevu zake za hina.

"Bicha yake ni mbaya, sawa. Lakini wanaitaka. Kuna harusi kubwa Galbet, na mama wa bibi harusi ameomba nyinyi wawili. Nenda. Mimi nitaangalia zote mbili, nijue kama studio inunue dijitali au ibaki na wewe."

Nilikwenda kama mtu anayekwenda mahakamani. Nilifika mapema, nikaionyesha kamera weupe, nikachagua pembe bora ya hema. Nilipeleka kipaza sauti changu, chenye waya wake mrefu, mpaka mahali waimbaji wangekaa. Sahra alikuja amechelewa, kamera ndani ya mkoba pamoja na biskuti za mtoto.

Baada ya alasiri, wanawake walianza kunyamazishana. Bibi yake bibi harusi, aliyefika siku hiyo kutoka Mandera, alikuwa amesimama. Jina lake katika buraanbur lilijulikana mpaka kwetu, ila hakuna aliyewahi kumpata kwenye kaseti. Nilimwelekezea taa. Akajifunika uso kwa shashi yake, kile kitambaa cha kichwani. Hema lote likanigeukia.

"Zima hilo jua," alisema kwa Kisomali, bila hasira.

Niliizima, nikaelewa kuwa na kamera kubwa haitakiwi. Nilishusha kamera mapajani, lenzi ikitazama zulia. Kisha bibi akamwona Sahra.

"Na hicho ni nini?"

"Kidogo tu hiki, ayeeyo." Ayeeyo ni bibi.

"Kidogo na kibaki."

Nikajikuta nimesema, "Na sauti je, ayeeyo? Naweza kuchukua sauti?"

Akafunua uso. "Sauti chukueni. Nimeileta kwa ajili yenu."

Akaimba. Alimwimbia mjukuu wake, akaimba visima vya ukoo wao, akaimba binti yake aliyezaliwa njiani mwaka wa ukame mkali, na binti huyo, mama wa bibi harusi, akakaa chini palepale kwenye zulia akalia kama mtoto. Nami nilikuwa nimeinamisha kichwa juu ya mashine iliyokuwa ikirekodi zulia.

Asubuhi yake Bosi alituketisha studio na mama wa bibi harusi. Kaseti yangu ilikuwa safi kuliko zote nilizowahi kupiga. Ilionyesha wageni wakikaa, sahani, mapambo, shanga moja moja. Bibi alipoanza, ilionyesha zulia. Ya Sahra ilimwonyesha bibi, kivuli chenye mikono miwili inayopaa, na sauti yake ikiwa mbali nyuma ya yule nzi.

"Mama ameshapanda lori kurudi Mandera," yule mama akasema. "Haimbi mara mbili kitu kimoja. Hamwezi kufanya chochote?"

Bosi aliniangalia. Sahra aliniangalia. Walijua ninachojua: kwenye ile kaseti ya zulia, sauti ya bibi ilikuwa kamili, hata pumzi yake kati ya mistari.

Kazi hiyo huitwa kudabu, kuhamisha sauti ya kaseti moja kwenye picha ya nyingine. Nilikaa kwenye mashine zetu mbili, nikatafuta kofi la kwanza la wanawake, nikalipatanisha na mikono inayokutana kwenye picha ya Sahra. Sauti ikateleza, nikaanza upya. Ikateleza tena. Nikitengeneza, nilijua vizuri ninachofanya: ninamvika Sahra vito vyangu ili akapendeze mbele za watu.

Ilipendeza. Kaseti ile ilinakiliwa mpaka Wajir na Mandera, na kila ilikofika iliitwa fideo ya Sahra. Bosi alininong'oneza, "Mimi najua, Nuria." Kisha akanunua kamera mbili za dijitali.

Nilijifunza kuzitumia kama wengine, nikafanya kazi mpaka macho yalipochoka. Vijana wakiniuliza nimejifunza nini, nawaambia hivi: tuliza mkono, sikiliza kabla ya kutazama, na kamera mbaya iliyoruhusiwa kuingia itapata kile ambacho nzuri iliyozuiwa mlangoni haitakipata. Nayasema kwa kuwa ni kweli, si kwa kuwa yameniponya.

Mwezi uliopita Sahra alinitembelea. Sasa ni bibi mwenye magoti mabovu. Nilimmiminia chai, nikamwambia ambalo sikuwahi kumwambia.

"Kamera yako ile ya kwanza, niliomba itumbukie Mto Tana."

Aliweka kikombe chini. "Ilitumbukia, abaayo. Chooni, harusini Iftin. Nilichuchumaa ikatoka mkobani. Na ilikuwa inarekodi! Niliwaambia watu imeibwa."

Tulicheka mpaka wajukuu wakaja kutazama kuna nini. Alipoondoka, bado nikijifuta machozi, nilifikiria yangu, ile kamera nzuri ya begani. Iliwekwa kabatini studio, siku moja ikakataa kuwaka, na hakuna aliyewahi kuiulizia. Wivu ukanipanda tena, mpya kabisa, kwa kuwa kamera ya Sahra, hata kufa kwake kulikuwa na hadithi.