Herufi Tano, V Moja, I Mbili

Jumanne ya pili ya mwezi wa Machi, mwaka jana, ndugu yangu mkubwa alifariki nyumbani kwake Kanduyi, Bungoma, kabla ya saa saba mchana. Siku ya tatu baada ya maziko, siku tuliyonyolewa nywele kumaliza matanga, nikalipoteza na daftari lake. Hilo la pili nililisababisha mwenyewe, kwa hivyo nitalieleza.

Mimi ni fundi viatu hapa Kitale. Niliacha shule darasa la saba. Yeye alifika kidato cha pili, akawa karani wa ghala la mahindi mpaka alipostaafu. Tulikuwa na mchezo wetu wa simu. Kila asubuhi, isipokuwa Jumapili, aliniandikia idadi ya herufi za neno la Kiingereza na herufi mbili tatu zilizomo: "Herufi sita, Q iko, haianzi nayo." Nilitakiwa kulipata kabla ya saa saba. Nikishindwa, saa saba kamili alituma neno lenyewe na maana yake kwa Kiswahili, maana aliyoitunga yeye, pamoja na mfano wa kitu alichokiona kwa macho yake. Kamusi haikuruhusiwa. Siku moja neno lilikuwa THIRST. "Kiu," aliandika. "Mfano: ng'ombe wa jirani aliyekunywa maji ya sabuni." Yote aliyaandika kwanza kwenye daftari dogo jekundu, lililokaa mfuko wa ndani wa koti lake la kijivu.

Nisiseme uongo: mara nyingi sikujaribu. Niliingoja saa saba. Maana zake zilinipendeza kuliko kushinda.

Asubuhi ya Jumanne ile aliyofariki aliandika: "Herufi tano. V moja, I mbili." Nikaiweka simu juu ya benchi, nikaendelea kushona soli. Saa saba ikapita kimya. Saa nane simu ikalia. Alikuwa mke wake.

Nikiwa njiani kwenda Bungoma, neno lilinijia bila kulitafuta: VISIT. Kumtembelea mtu. Nilikuwa nimekaa mwaka mzima na zaidi bila kukanyaga kwake, na Kitale si mbali. Baadaye nikakumbuka CIVIL, mwenye adabu. Mwalimu mmoja, mteja wangu, akaniongezea VIGIL, mkesha. Hayo mawili yalikuwa maneno tu. La kwanza, kama ndilo, lilikuwa lawama.

Kwetu nguo za marehemu hugawanywa siku ya kunyolewa, na mifuko haipekuliwi. Kilichomo huenda na nguo. Niliitwa wa kwanza kuchagua, kwa kuwa tulizaliwa tumbo moja. Koti lilikuwa limetundikwa mbele yangu, na niliona jinsi daftari lilivyouvimbisha mfuko. Nikachagua gambuti zake, viatu virefu vya mpira. Nilisema mvua zinakaribia na zangu zimetoboka. Fundi viatu mwenye gambuti zilizotoboka: watu wakacheka kidogo, jambo ambalo siku ile halikuwa baya. Ukweli ni kwamba nililiogopa lile neno. Koti likaenda kwa mjomba wetu, ndugu ya mama, anayeishi mahali paitwapo Kwanza, kaskazini mwa Kitale.

Nilivumilia hadi Agosti. Ndipo nikaenda Kwanza, na gambuti miguuni kwa sababu ya matope. Nilimkuta mjomba ameketi barazani, amelivaa koti na kulifunga mpaka shingoni.

"Hizo gambuti ndizo zimekuleta," akasema akizitazama. "Wewe mwenyewe ungengoja mpaka na mimi nife."

"Habari ya hapa, mjomba."

"Ya hapa ni baridi. Keti."

Nikamwambia nimelifuata daftari.

"Ati daftari? Si uliitwa wa kwanza, bana? Nilikuwa hapo. Ulikimbilia viatu kama mtoto wa Krismasi."

"Nilikosea, mjomba."

"Ulikosea. Sasa daftari ni la koti, na koti ni langu."

"Sitaki kulibeba. Nataka kuona ukurasa wa mwisho tu."

Akanikazia macho. "Kuna nini huko? Shamba?"

"Kuna neno moja."

"Umetoka Kitale yote juu ya neno moja! Na ni la Kizungu!"

Hakulivua koti. Alifungua vifungo viwili, akalitoa daftari, akalishika upande mmoja, nami nikashika upande mwingine. Tukalifungua hivyo, kila mtu na mkono wake, mpaka palipoishia mwandiko.

CIVIL. Chini yake: "Mtu anayekustahi hata kama hakujui. Mfano: nesi aliyenipima jana. Alisimama nami mlangoni mpaka nikapata pumzi."

Nikasoma mara mbili. Haikuwa lawama. Lakini sikuwa na habari kwamba alikuwa amekwenda kupimwa. Hakuniambia, nami sikuwa nimeuliza. Kama saa saba ingemkuta hai, ningesoma mfano ule na kujua. Kama ningempigia asubuhi kusema nimeshindwa, pengine ningeisikia pumzi yake ikikatika. Sijui. Hilo siwezi kuliandika kana kwamba nalijua.

"Umelipata?" mjomba akauliza.

"Nimelipata."

"Ndilo ulilolitaka?"

"Hapana. Si hata lile nililoliogopa."

"Haya. Na mimi je? Miezi mitano nabeba hii kitu kifuani na sijui imesema nini. Soma."

"Ni mengi, mjomba."

"Una haraka ya kwenda wapi? Viatu vya watu vitangoja. Anza mwanzo."

Nikafungua ukurasa wa kwanza, yeye bado ameshika ukingo. Neno la kwanza lilikuwa la herufi nne, SOIL. Udongo. Mfano: ulioko chini ya kucha za mama. Mjomba akasema huyo alikuwa dada yake, niendelee. Tulikuwa tumefika kwenye neno la herufi saba chai ilipoletwa. Akalirudisha daftari mfukoni, akafunga vifungo vyote, akanisukumia kikombe.